Wasini kwa Shilingi 2,030

Jumatano

Baada ya swala ya isha tulikutana kwenye baraza ya mwenyekiti wetu hapa Majengo, Mombasa, watu kumi na wanne wa chama cha akiba cha mtaa, ili tumalize mjadala uliokuwa ukituzungusha kwa wiki tatu: twende wapi, na kwa kiasi gani. Kiasi kilipatikana upesi kuliko mahali, kwani mfuko ndio uliokuwa na neno la mwisho. Ilikubaliwa kila mtu atoe shilingi 2,000, twende na kurudi siku moja, na chakula kiwe ndani ya fedha hizo hizo. Mahali ndipo palipotutaabisha. Vijana walitaka Diani, lakini kina mama wakauliza Diani kuna nini zaidi ya mchanga na maji, ambavyo mtu huvipata Nyali kwa nauli ya matatu moja. Mwingine alitaja Gazi, ambako wanakijiji wamekuwa wakiitunza mikoko tangu 2013 kwa mradi wa Mikoko Pamoja na kupata fedha kutokana na kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo. Wazo lilikuwa zuri, ila vijana walisema kutazama mikoko peke yake si matembezi. Ndipo mzee mmoja miongoni mwetu, ambaye ujanani mwake alivua samaki upande wa kusini, alipotamka Wasini, na baraza likatulia.

Wasini ni kisiwa chembamba kilicho mkabala na Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, si mbali na mpaka wa Tanzania. Wageni wengi wanaofika huko hukipita tu wakielekea Kisite, hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1978, yenye eneo la kilomita za mraba 28, pamoja na Mpunguti iliyo jirani yake yenye kilomita za mraba 11, ambako pomboo huonekana na matumbawe yangali hai chini ya maji. Vijana waliposikia pomboo macho yaliwang'aa, nami, kwa kuwa ndimi mweka hazina, nikalazimika kuwazimia taa. Kisite huhitaji boti ya siku nzima, kiingilio cha hifadhi na miwani ya kuzamia, na hesabu niliyoifanya palepale ilionyesha kwamba ingelitufikisha karibu mara mbili ya kiasi tulichokubaliana. Tukakata shauri kwamba tutaishia Wasini penyewe: pango la Shimoni, bustani ya matumbawe makavu, kijiji na chakula cha mchana.

Mzee hakuridhika na tarehe mpaka alipouhesabu mwezi kwa vidole. Alisema Jumamosi itaangukia mwezi kumi na tano, yaani bamvua, siku ambazo bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kwamba maji yatakupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. "Mkienda siku ya maji mafu mtaona mawe," alisema. "Siku ya bamvua mtaona mawe, kisha mtaona bahari ikiyafuata."

Bajeti niliiandika kwenye daftari usiku huo. Gari shilingi 12,000, boti 3,500, viingilio vya pango na bustani 250 kwa kila mtu, chakula cha mchana 350 kwa kila mtu, kifungua kinywa na vitafunio 2,400, maji ya kunywa 700, na akiba ya dharura 1,000. Jumla ilikuwa 28,000 kamili, bila hata shilingi moja ya kupumulia. Gari tulilikodi upande wa Likoni makusudi, kwa sababu mtu anayevuka feri kwa miguu halipi kitu, ilhali gari hulipa, na juu ya malipo hayo hupanga foleni ambayo huweza kuila asubuhi nzima.

Ijumaa

Asubuhi nilikwenda Marikiti pamoja na shangazi mmoja wa mtaani ambaye wauzaji wote wanamjua na wengine wanamwogopa. Tulinunua unga kilo tatu, nazi, iliki, hamira, mbaazi, viazi na ndimu. Mpango wa kwanza ulikuwa kununua mahamri yaliyokwisha kupikwa, lakini shangazi alisema kwamba kumlipa mtu akupikie hamri ilhali nyumba ina wanawake watatu na karai moja ni aibu, na jioni mahamri sitini yalikuwa kwenye ungo yakipoa. Matumizi yote yalifika 2,050, kwa hiyo niliandika faida ya 350 kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Furaha hiyo ilidumu hadi magharibi. Jirani mmoja, aliyekuwa amelipa nusu tu, alinipigia simu akisema amepata dharura ya kazi na angependa kurudishiwa shilingi zake 1,000. Mwenyekiti alitaka asirudishiwe hata kumi. Kina mama walitaka arudishiwe zote ili asije akatununia. Niliwaomba watulie, tukakaa na daftari. Gari na boti havipungui bei kwa sababu mtu mmoja amebaki nyumbani, na mahamri yake yalikuwa yamekwisha kukaangwa. Asipokuja, chama huokoa kiingilio chake na chakula chake cha mchana tu, yaani 600. Kiti hulipiwa kikiwa na mtu au kikiwa kitupu. Tumbo ndilo lisilolipiwa lisipokuwapo. Tukamrudishia 600. Baada ya hapo fedha zilizobaki zilitosha matumizi barabara, ile akiba ya dharura ikatoweka, na kinga yetu pekee ikawa zile 350 za shangazi.

Jumamosi

Tulifika feri saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ninaamini kwamba Likoni ingepaswa kuonwa saa hiyo na kila mtu anayeisema vibaya, kwa sababu umati haujasongamana, taa za meli za Kilindini zinaelea majini, na mtu husikia maji yakipiga ubavu wa feri badala ya honi. Tulivuka bila kulipa, kumi na tatu na vikapu vyetu, tukasimama upande wa pili kulingoja gari lililokuwa limeahidiwa saa kumi na mbili na robo. Lilifika saa kumi na mbili na dakika hamsini. Dereva alisema pancha. Hatukubishana naye, kwa kuwa muda huo tuliutumia kula mahamri na mbaazi tukiwa tumesimama, na mbaazi zikiwa bado moto hakuna aliye na hasira ya kutosha.

Barabara ya Likoni kwenda Lungalunga haikutupa la kusimulia hadi Ukunda, ambapo dereva alisimama ghafla kumpakia abiria aliyempungia mkono. Mwenyekiti alimgusa bega. "Mwanangu, gari hili tumelikodi." Dereva alijibu kwa heshima, ila kwa uchungu: "Mzee, kiti kimekaa kitupu." Mwenyekiti akamwambia kwamba kitupu au kimejaa, kiti kile kimelipiwa. Alikuwa na haki, nami nilimuunga mkono. Lakini gari lilipoondoka na yule mama akabaki kando ya barabara na furushi lake, hakuna aliyezungumza mpaka Msambweni.

Baada ya Ramisi tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya Shimoni, na saa mbili na nusu kupita kidogo tulikuwa mlangoni mwa pango. Jina la mji halikutoka mbali, ni shimo hilo hilo. Mzee wa kijiji aliyetuongoza alituteremsha kwenye giza la mawe ya matumbawe, ambamo popo wamening'inia na mizizi imepenya juu ikitafuta unyevu, akatuonyesha vyuma vilivyopigiliwa ukutani na kutueleza kwamba watu walifungwa humo wakingoja vyombo vya kuwapeleka Unguja. Hakuinua sauti. Kijana wetu mdogo kuliko wote, mwenye miaka kumi na saba, alimuuliza biashara hiyo ya watumwa ilikoma lini, na mzee akajibu kwamba soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Sultani Barghash, ila soko kufungwa si sawa na watu kuacha kuuzwa siku hiyo hiyo. Tulitoka tukiwa kimya zaidi ya tulivyoingia, na jua lilikuwa kali mno machoni.

Kwenye boti shangazi aligoma. Mwanamke aliyewatetemesha wauzaji wa Marikiti alisimama gatini ameshika ndimu mkononi, akisema kwamba maisha yake yote amevuka feri tu, na feri ni barabara inayoelea. Nahodha, kijana wa Kiwasini mwenye kofia ya kushona, hakumcheka. Alimvalisha jaketi ya kuokolea yeye mwenyewe, akaikaza mikanda, akamketisha katikati ambapo chombo hakiyumbi sana, kisha akamwambia: "Mama, kaskazi imetulia leo. Tazama kisiwa, usitazame maji." Mlango ule wa bahari huvukwa kwa dakika chache. Shangazi alikitazama kisiwa kana kwamba anakidai fedha, na ndimu aliirudisha nzima.

Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo boti ilisimama mbali kidogo nasi tukavua viatu. Wasini haina magari; njia zake ni za miguu, kati ya kuta za mawe na vivuli vya miti, na kelele kubwa niliyoisikia ilikuwa ya jogoo. Wenyeji wengi ni Wavumba, ambao watawala wao wa zamani waliitwa Madiwani, na lahaja yao ya Kivumba iliwafurahisha kina mama wetu, waliokuwa wakirudia maneno chinichini kama watu wanaoonja mchuzi. Kisiwa hakina mto, na tangu zamani watu wake wameyategemea maji ya mvua yanayokusanywa na kuwekwa kwenye matangi. Mama aliyetukaribisha aliposikia kwamba tumebeba maji yetu ya kunywa alisema, "Mmefanya adabu."

Bustani ya matumbawe husimamiwa na kikundi cha akina mama wa kijiji, ambao wamejenga daraja la mbao linalopinda katikati ya mikoko na mawe. Neno bustani linaweza kumdanganya msomaji. Hakuna ua wala nyasi za kukatwa. Kuna miamba ya matumbawe yaliyoishi chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, kisha maji yakashuka na kuyaacha juani. Mvua na chumvi vimeyala kuanzia chini, ndiyo maana mengine yamekuwa na kichwa kipana juu ya shingo nyembamba, mfano wa uyoga, na ukikaribia unaona bado alama za viumbe walioyajenga, vijishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Saa nne na nusu hapakuwa na tone la maji chini ya daraja. Palikuwa na tope lililopasuka, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ambao walisimama wote kwa pamoja kivuli chetu kilipowapitia, kisha wakatumbukia mashimoni.

Mama aliyetuongoza alituonyesha tofauti ya mkoko, ambao mizizi yake imejiinamisha kama mbavu za mashua, na mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama kalamu za risasi zilizochomekwa. Kisha alichuma jani la mchu, akaligeuza kwenye mwanga. Juu yake palikuwa na chembe nyeupe, nyembamba kuliko unga. "Lambeni," alisema. Nililamba. Ilikuwa chumvi safi, kavu, yenye ukali wa kukunja uso. Mti huo hunywa maji ya bahari kwa sababu hauna mengine, huiacha chumvi itoke kupitia majani, na maisha yanaendelea. Shangazi alilamba mara mbili, akasema inafaa kwa kachumbari.

Chakula cha mchana kilikuwa tayari baada ya swala ya adhuhuri: wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Kaa wa nazi, ambaye ndiye sifa ya meza za Wasini, hakuwamo katika shilingi 350, na nilikuwa nimeliweka wazi jambo hilo tangu Jumatano. Hata hivyo vijana wawili walimtazama kaa wa meza ya jirani kwa namna iliyonifanya nigeuke. Samaki alikuwa changu aliyevuliwa asubuhi hiyo, ngozi imeungua pembeni, tui limemganda mgongoni. Kwa dakika ishirini hakuna aliyelalamikia bajeti. Baada ya kula, kina mama walinunua kwa fedha zao sabuni za mwani, zao linalolimwa Kibuyuni ng'ambo ya pili, na baadhi yetu tukalala chini ya mkungu.

Makubaliano yetu na dereva yalikuwa kuondoka Shimoni saa tisa na nusu. Nakiri kwamba tuliyavunja sisi. Saa tisa mzee wetu alisimama, akasema kwamba hakuhesabu mwezi kwa vidole ili aone mawe tu, akaelekea bustanini. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kumzuia, nikamfuata. Maji yalikuwa yameshaanza kuingia. Hayakuja kwa mawimbi. Yalijipenyeza kwenye mifereji ya tope kama mtu anayeingia nyumbani mwake gizani, yakajaza shimo moja baada ya jingine, yakawatoa kaa, yakapanda kwenye kalamu za mchu hadi zikazama zote. Kufikia saa tisa na dakika arobaini ile miamba ya uyoga ilikuwa visiwa vidogo, na chini ya mbao zetu, pale tulipoona tope asubuhi, kundi la samaki wadogo wa fedha lilipita. Kijana wa miaka kumi na saba, aliyekuwa amedai pomboo, alilala kifudifudi kwenye daraja akiyatazama, na mwenyekiti alimwita mara tatu.

Nahodha alitungoja bila kununa, na nilimpa shilingi 200 juu ya bei yake kwa hiari yangu, nikabaki na 150. Tulikanyaga Shimoni saa kumi na dakika ishirini. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, na alichosema ni kimoja: kuchelewa ni shilingi 1,000. Mwenyekiti alimkumbusha pancha ya asubuhi. Dereva alisema pancha si hiari. Kwa kweli hoja yake ilikuwa na uzito kuliko yetu, na tungelibishana hadi usiku kama shangazi hangeuliza swali ambalo mimi, mwenye daftari, sikulifikiria: "Baba, kile kiti chetu kitupu, mtu wa Msambweni hadi Likoni akulipe ngapi?" Dereva alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tuliafikiana kwamba kiti ni chake mpaka Likoni, nauli ni yake, na sisi tumwongezee 500. Nilikuwa na 150. Kila mmoja akatoa 30 mfukoni mwake, zikafika 540.

Msambweni alipanda bibi mmoja na kikapu cha maembe, akaketi kwenye kiti cha kumi na nne, akatusalimu sote kana kwamba ametukuta sebuleni mwake. Kabla ya Gazi alikuwa amekwisha kujua majina ya watoto wetu. Tulifika Likoni giza likiwa limeingia, na kwenye feri ya kurudi kila mmoja wetu alikuwa na embe moja mkononi.

Jumapili

Nilikaa na daftari asubuhi. Gari 12,500, boti 3,700 pamoja na bakshishi, viingilio 3,250, chakula cha mchana 4,550, kifungua kinywa 2,050, maji 700. Jumla ni 26,750. Fedha zilizopatikana, baada ya kumrudishia jirani yetu 600 na kuongeza mchango wa barabarani wa 390, ni 26,790. Salio ni shilingi 40, na kila aliyesafiri ametoa 2,030. Nimeandika pia pembeni mambo mawili kwa atakayepanga safari ijayo: saa ya kurudi ihesabiwe kwa maji, si kwa saa ya ukutani, na kiti kikibaki kitupu, kizungumzwe na dereva kabla ya safari.

Mchana jirani yetu aliyebaki alipita barazani kuuliza ilikuwaje. Vijana walimwonyesha picha za maji yakiingia bustanini, akazitazama zote, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama zile 600 zingeweza kuwa malipo ya kwanza ya safari nyingine. Nikazipokea, nikamwandikia risiti.